Mtoto wangu SS ametimiza miaka 18, upande wa watoto hawamtaki tena

BARUA

Yaya, jambo.

Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Katuba, hapa Lubumbashi, nauza unga na mafuta sokoni. Kifungua mimba wangu ni mvulana, ni SS, yaani ana ugonjwa wa damu wa selimundu, ule unaoletaga krizi za maumivu makali. Tulijua angali na miezi minane, siku mikono na miguu yake ilipovimba yote pamoja. Tangu hapo dokta mmoja wa pediatri ndiye aliyemshika. Ni mwanamke mpole, anamjua kijana hadi anajua ni mkono upi wenye mshipa mzuri wa kuwekea serumu.

Mwezi wa tano ametimiza miaka 18. Dokta akaniambia, "Mama, huyu sasa ni mtu mkubwa, krizi ikija mpeleke upande wa wakubwa." Ni hayo tu, tumesimama kwenye korido, mikononi ameshika fishi za watoto wengine. Hakutupa karatasi, hakututajia jina la mtu.

Mwezi wa saba, baridi ilipokaza, krizi ikaja usiku, mgongo na mapaja. Tukafika kwenye dharura ya wakubwa ya hospitali moja hapa mjini. Kijana wa zamu akamtazama mwanangu, ambaye kwa umbo ungesema ana miaka 14, akasema tumekosea mlango. Tukamwonyesha karte ya mwanafunzi. Mwanangu akataja jina la sindano inayomtulizaga, na hapo hapo yule kijana akabadilika sura: "Wewe majina ya dawa umeyajulia wapi? Umezoea." Tumekaa kwenye benchi mpaka kukapambazuka, na parasetamoli. Asubuhi dokta mwingine akaona hemoglobini, kipimo cha wingi wa damu, ni 7, akataka atiwe damu haraka. Nikakataa, maana 7 ni yake ya siku zote. Tukagombana mbele ya watu.

Sasa kijana anasema hospitali harudi tena, afadhali afie nyumbani. Ile dawa yake ya kila siku, hidroksiurea, nimegundua anaruka siku. Ni mimi nimekuwa nikimpa tangu utoto, lakini leo akiniona na kikombe cha maji anatoka nje. Baba yake anasema nimwache, mwanaume wa miaka 18 hashikwi mkono na mama yake. Mama mkwe naye amerudia maneno yake ya siku zote, kwamba SS havuki miaka 20, tusimalize makuta, pesa zetu, bure.

Yaya, nimefikiria kurudi kwa pediatri nyingine na kusema ana miaka 15. Kwa mwili ule, nani atabisha? Na bado kuna jambo: amefaulu mtihani wa Taifa, anataka kwenda kusoma Kolwezi, akae kwa shangazi yake, kuanzia mwezi wa kumi. Nishike lipi?

Mama wa Katuba


JIBU

Mdogo wangu,

Nianze na hiyo miaka 15, maana naona ndiyo iliyokushika moyo kuliko yote. Usifanye. Mlangoni utapita, sina shaka. SS huchelewesha kukua na kubalehe, ndiyo sababu mwanao anaonekana mdogo kuliko wenzake wa darasa, na wengi wa namna yake huja kurefuka baadaye wakati wenzao wameshasimama. Lakini upande wa watoto watamtazama kama mtoto, na figo zake, macho yake na nyonga zake zina miaka 18. Mambo ambayo SS huyaharibu polepole, pasipo kelele, huanza kujionyesha sana katika umri huu. Halafu fikiria yeye mwenyewe, amesimama pembeni yako na matokeo ya mtihani wa Taifa mfukoni, akikusikia unamwambia mtu wa mapokezi kwamba ni mtoto wa miaka 15. Hospitali ameshaikataa. Siku hiyo angekukataa na wewe.

Dokta wenu, kwa upande wa umri, hakukosea. Sheria namba 09/001 ya 10 Januari 2009 inamhesabu kuwa mtoto yeyote ambaye hajatimiza miaka 18, na ziko pediatri zinazofunga mlango mapema zaidi. Kosa liko katika namna ya kuhamisha. Gunia la unga likishushwa sokoni kwako, unajua limetoka wapi na lina kilo ngapi. Kijana wako ametolewa mikono ya watu waliomjua karibu maisha yake yote akapelekwa kwa watu wasiomjua hata jina, bila mstari mmoja wa maandishi. Nimefanya kazi ya uuguzi pande zote mbili kabla sijastaafu, na ninakwambia ni nchi mbili tofauti. Upande wa watoto wanamuuliza mama: amekula, amelala, ameenda haja? Upande wa wakubwa wanamuuliza mgonjwa mwenyewe, na mama anaonyeshwa kiti cha nje. Kijana ambaye mama yake ndiye amekuwa akimjibia anafika pale na hana la kusema, au anasema jambo moja tu analolijua vizuri, jina la sindano, na hilo moja ndilo linalomwangusha.

Hatari ya kipindi hiki inajulikana. Huko Dallas, jimbo la Texas, Marekani, madaktari waliwafuatilia zaidi ya watoto 900 wenye ugonjwa huu tangu kuzaliwa, wakachapisha matokeo mwaka 2010. Kati ya kila 100 wenye SS, karibu 94 walifika miaka 18. Vifo vilivyobaki, katika miaka ya mwisho ya hesabu yao, vingi vilikuwa vya vijana waliopita 18, muda mfupi tu baada ya kutoka upande wa watoto. Ugonjwa haukugeuka mkali siku walipotimiza miaka 18. Wengi katika umri huo hukosa miadi ya kwanza, huruka dawa, huchoka kueleza maumivu kwa watu wapya. Unaona ni mambo yale yale yaliyo nyumbani kwako sasa hivi, na ndiyo sababu sitaki uache wiki zipite.

Hesabu hiyo hiyo mpe na mama mkwe wako, kwa heshima, lakini mpe. Anayosema ameyaona kwa macho yake zamani, simlaumu. Watoto wengi wa SS walizikwa kabla hata hawajapimwa. Lakini dawa ambayo mwanao anairuka ilijaribiwa hapa hapa Kongo. Dr Léon Tshilolo wa Kinshasa na wenzake wa Angola, Kenya na Uganda waliwapa watoto wa umri wa mwaka 1 hadi 10, na matokeo yaliyotoka mwaka 2019 yalionyesha krizi zimepungua, malaria imepungua, kutiwa damu kumepungua na vifo vimepungua. Kwa watu wazima Marekani iliiruhusu tangu 1998. Hayo makuta hamuyatupi.

Sasa kazi. Rudi kwa dokta wenu wa watoto mara moja tena. Usiende kugombana naye, na usiende kumwomba amtibu. Nenda na kijana, katikati ya wiki, saa ambayo foleni imepungua, na umwambie hivi: "Dokta, asante kwa miaka yote. Tunaomba vitu viwili kabla hatujakuachia: karatasi ya historia yake, na simu moja kwa dokta wa wakubwa unayemwamini wewe." Daktari aliyemlea mtoto miaka 17 mara chache atakataa ombi la namna hiyo. Korido ilimfanya aseme haraka. Mkikaa kwenye kiti atasema zaidi.

Karatasi isizidi ukurasa mmoja, kwa sababu saa nane za usiku hakuna anayesoma wa pili. Iwe na matokeo ya elektroforezi (kipimo cha damu kinachoonyesha kama mtu ni SS), kundi la damu, mara alizotiwa damu na kama iliwahi kumletea shida, dawa anazokunywa na kipimo chake, chanjo alizopata, dawa zinazomdhuru, na mara ya mwisho alipolazwa ilikuwa kwa sababu gani. Mambo mawili yaandikwe juu kabisa.

La kwanza ni hemoglobini yake ya kawaida. Wewe ulibishana na yule dokta kwa sauti, na ulikuwa na haki. Wengi wa SS wanaishi, wanasoma, wanacheza na hemoglobini ya 7 au 8, na mtu asiyewazoea akiona tarakimu hiyo anakimbilia chupa ya damu. Damu isiyohitajika si zawadi. Inaongeza chuma mwilini, inaweza kuufanya mwili uanze kupigana na damu za watu wengine hata siku anapoihitaji kweli ikawa vigumu kumpatia inayofaa, na ikizidi inakuwa nzito kwenye mishipa. Lakini siku akifika pale na 4 badala ya 7, usibishane tena. Ndiyo faida ya kuandika tarakimu yake: mtu mpya anaona mara moja kama ameshuka au yuko pale pale.

La pili ni maumivu: wanaanza na dawa gani, kiasi gani kwa kilo zake, na isiposaidia baada ya muda gani wanapanda kwenda kwenye ipi. Isainiwe, ipigwe muhuri. Maneno yale yale ambayo kijana akiyasema anaitwa mraibu, muhuri wa dokta ukiyasema yanakuwa maagizo. Ni uonevu, na mimi nimeuona mara nyingi: mgonjwa anayeujua mwili wake anashukiwa, asiyejua kitu anahurumiwa. Hatutaumaliza mwaka huu mimi na wewe. Karatasi inaupunguza. Toa nakala kadhaa, na kijana aipige picha ibaki kwenye simu yake.

Baada ya hapo, mtu wa wakubwa akutane naye akiwa mzima. Hili wengi hawalifanyi kwa sababu kulipa fishi ya mtu asiyeumwa kunaonekana kama kutupa pesa, na najua unga unauzwaje siku hizi. Lakini dokta anayekutana na mwanao mara ya kwanza akiwa anapiga kelele anakutana na kelele. Akikutana naye amekaa, anaeleza mwenyewe, anakutana na mtu. Hospitali kubwa za Lubumbashi, kama Sendwe au Kliniki za Chuo Kikuu, zina upande wa watoto na upande wa wakubwa, kwa hiyo dokta wa watoto anaweza kuwa na mwenzake wa kumpigia simu. Uliza ni nani upande wa wakubwa anayefuatilia wagonjwa wa SS, na siku gani anapokea. Katika ziara hiyo ya kwanza ombeni apimwe mkojo kuona kama figo zinavujisha protini, damu ya figo na ini, na mpango wa kuonwa macho. Kama anachechemea au nyonga inauma hata nje ya krizi, aseme, maana kichwa cha mfupa wa paja huweza kufa kwa kukosa damu, na kikigunduliwa mapema kuna la kufanya.

Kuhusu baba yake: amesema nusu ya kweli. Kijana lazima aishike mwenyewe, lakini hashikishwi kwa kuachwa ghafla. Dokta wenu alifanya hivyo na umeona matokeo yake. Katika nchi ambako jambo hili limepangwa vizuri wanaanza kumzoeza mtoto akiwa na miaka 12 au 14. Ninyi mna wiki chache, basi fanyeni ya wiki chache. Boksi la dawa litoke chumbani kwako liende kwake. Kikombe cha maji usikipeleke tena. Siku moja kwa wiki, tuseme Jumapili, anakuonyesha boksi, unaona zimebaki ngapi, mnaongea mambo mengine. Kwa dokta yeye aseme kwanza, wewe uongeze alichosahau. Halafu, na hapa najua utaumia, utoke nje kabla maongezi hayajaisha. Kuna mambo ambayo mvulana wa miaka 18 hawezi kuyatamka mama yake akiwa amekaa hapo.

Hayo nitayaandika hapa chini. Mpe simu asome mwenyewe.

Mtoto wangu, hongera kwa mtihani. Ulichofanyiwa kwenye lile benchi ni kibaya, na hasira yako ninaielewa. Sasa nisikie. Wavulana wa SS wengi hupata jambo ambalo hawalisemi kwa mtu: uume kusimama wenyewe, mara nyingi usiku au alfajiri, bila hamu yoyote, kwa maumivu, na kukataa kushuka. Si laana, wala si dhambi, wala hujarogwa na msichana. Ni damu iliyokwama, ugonjwa ule ule unaokwamisha damu kwenye mgongo wako. Ikitokea, kunywa maji, nenda ukojoe, tembea, oga maji ya vuguvugu. Barafu usiweke, baridi inaukasirisha ugonjwa wako. Ukikaribia muda wa saa mbili tangu usimame bila kushuka, ondoka uende hospitali, usingoje, kwa sababu ukipita muda wa saa nne uume unaweza kuharibika kwa maisha yote. Na zile fupi zinazojirudia na kuisha zenyewe, mwambie dokta katika ziara ya kawaida, kuna matibabu. Hata kama hujawahi kuipata, sasa unajua.

Kama una rafiki wa kike, au utakapompata, apime elektroforezi mapema, kabla mapenzi hayajawafunga macho. Wewe ni SS: ukizaa na AA, asiyebeba ugonjwa huu, watoto wote watakuwa AS, wazima wanaoubeba. Ukizaa na AS, kila mimba ni nusu kwa nusu kupata SS. Hidroksiurea nayo inaweza kupunguza mbegu za mwanaume wakati unaitumia. Pengine umelisikia hilo kwa wenzako na ndiyo sababu unaruka siku. Kama ndiyo hivyo, mwambie dokta, mama akiwa nje, na muamue pamoja. Kuiruka leo na kuinywa kesho kunakupa ubaya wa pande zote mbili: krizi zinarudi, na vipimo vya damu ambavyo dokta anapimia dozi vinamdanganya.

Kuna mambo manne ambayo hutangojea asubuhi, hata kama yule kijana wa zamu ndiye yuko kazini: homa ya 38,5 au zaidi, kifua kuuma na pumzi kuwa fupi, upande mmoja wa mwili au mdomo kulegea, na kupauka ghafla ukiwa na udhaifu usio wa kawaida yako. Maumivu unaweza kuyavumilia nyumbani kwa dawa na maji kwa muda. Hayo manne hapana.

Mrudishie mama simu.

Mdogo wangu, makuta sasa. Kama baba yake yuko kwenye kampuni au mutuweli inayolipa hospitali, aende aulize wiki hii mtoto anahesabiwa hadi umri gani, na kama cheti cha kujiandikisha chuo kinamwongezea muda. Wengi hugundua jina limefutwa wakiwa tayari mbele ya kaunta. Kama hakuna bima, anzeni kaakiba kadogo ka teksi ya usiku na kosyo (dhamana) ya kulazwa, kasiguswe kwa minervali (karo ya chuo) wala kwa biashara yako.

Kuhusu Kolwezi, mimi ningemruhusu. Najua ulitegemea nimzuie. Lakini kijana aliyesema afadhali afe, na papo hapo anataka kwenda kusoma, mimi naamini hilo la kusoma. Ila asiondoke na begi tu. Kwanza ziara ya wakubwa hapa Lubumbashi, na vipimo vyake mkononi. Dawa ya miezi miwili au mitatu asafiri nayo, maana hujui kama farmasi ya kule itakuwa nayo wiki ya kwanza. Mwombeni dokta mpya amwandikie mwenzake wa Kolwezi, na wiki anayofika, kabla hata masomo hayajaanza, aende ajitambulishe. Akifika chuoni aulize masharti ya mtu anayekosa mtihani kwa kulazwa, akiwa na karatasi ile ile. Chandarua atandike kila usiku, malaria kwa SS haina mzaha. Na shangazi yake apigiwe simu na wewe mwenyewe, sio ujumbe, umweleze zile dalili nne, umuulize ni nani mwenye gari karibu naye usiku, na umwombe blanketi la pili liwe limeshawekwa kitandani, kwa sababu mwezi wa sita kule nako baridi inauma.